Mtunza Kompyuta: Historia ya Kazi Isiyoonekana



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za madaktari, wahandisi, wanajeshi na walimu waliolelewa na shule yetu. Hilo ni jambo jema, na liendelee. Lakini zipo kazi ambazo hazisimuliwi, si kwa sababu hazina maana, bali kwa sababu zikifanywa vizuri hakuna anayeziona. Mojawapo ni kazi ninayoifanya mimi. Nimeitumikia Serikali kwa miaka zaidi ya ishirini nikiwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta, au mtunza mitambo kama wazee wa ofisini walivyotuita tulipoajiriwa. Nimeona heri nieleze kazi hiyo kwa njia ya historia, maana mengi tunayoyalalamikia leo yalikwisha kutokea zamani, na anayeijua historia yake hashangai bure.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Watu wengi hudhani kwamba mimi ni fundi wa kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Wengine hudhani kwamba ninaandika programu. Yote mawili nayajua kidogo, lakini siyo kazi yangu hasa. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mashine ambazo watu wengi huzitegemea kwa pamoja zinafanya kazi usiku na mchana, kwamba kila mtu anaingia pale tu anaporuhusiwa, na kwamba kumbukumbu zilizomo hazipotei.

Sisi tuliolala mabwenini tunaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Kila bweni lilikuwa na vijana waliosifiwa kwa mpira na waliosifiwa kwa hesabu. Lakini je, nani alimsifu mzee wa pampu ya maji? Jina lake tulilikumbuka siku mabomba yalipokauka, na siku hiyo tulilitaja kwa hasira. Mtunza kompyuta ni mzee wa pampu.

ASILI YAKE

Kazi hii ina umri sawa na kompyuta zenyewe. Mashine iitwayo ENIAC, iliyojengwa Philadelphia, Marekani, na kuonyeshwa kwa umma mwezi Februari 1946, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na valvu zaidi ya 17,000, za aina ile ile iliyokuwamo ndani ya redio za babu zetu. Valvu moja ikifa, hesabu nzima huharibika. Watunzaji wake waligundua kwamba valvu nyingi hufa wakati mashine inapowashwa au kuzimwa, kwa sababu ya kupata joto na kupoa. Basi wakaamua kuiacha ikiwaka mfululizo. Hadi leo sisi hatupendi kuzima seva bila sababu, na chanzo cha tabia hiyo ni cha siku nyingi. Tena ifahamike kwamba waliokuwa wakiipangia kazi mashine ile walikuwa wanawake sita, na kwa kuizoea wakaweza kutambua hata valvu ipi imekufa. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi hii ni ya wanaume anasema asilolijua.

Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, watunzaji wa mashine iitwayo Mark II walitafuta kosa, wakamkuta nondo amenaswa ndani yake. Wahandisi wa siku hizo walikuwa tayari na desturi ya kuita hitilafu "mdudu", basi wakamwona huyu kuwa ni kichekesho. Walimbandika katika daftari la kazi na kuandika saa aliyopatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Wengi husimulia kisa hiki kwa sababu ya nondo. Mimi hukisimulia kwa sababu ya daftari. Watu wale waliandika kila lililotokea na saa lilipotokea, na mtunza mitambo asiye na daftari ni sawa na baharia asiye na dira.

Mwanzoni mashine moja ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1961, wakati chuo cha MIT kilipotengeneza mfumo uitwao CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa pamoja. Hapo ndipo ilipohitajika nywila, ili faili za huyu zisisomwe na yule. Haukupita muda mrefu tatizo likaja. Siku moja katikati ya miaka ya 1960, wasimamizi wawili walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja, mmoja akihariri salamu za siku na mwingine akihariri orodha ya nywila. Faili zikabadilishana mahali. Kila aliyeingia katika mfumo akasalimiwa kwa orodha kamili ya nywila za watu wote! Hawakuwa wazembe wale. Mfumo uliwaruhusu wagongane, nao wakagongana.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix. Katika Unix yumo mtumiaji mmoja mwenye uwezo wote, aitwaye "root", yaani mzizi. Anaweza kusoma kila kitu na kufuta kila kitu, wala hakuna wa kumzuia. Nguvu hiyo ndiyo iliyoifanya kazi yetu iwe kazi ya uaminifu kabla haijawa kazi ya ufundi. Kisha mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo wa Linux. Kwa kuwa hauhitaji kununuliwa, umekuwa msaada mkubwa kwa nchi zenye fedha chache. Seva nyingi nilizozitunza maishani mwangu zimeendeshwa na mfumo huo.

HAPA KWETU

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965. Ilikuwa ni mashine iitwayo ICT 1500, na kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Wazee wetu waliamini, kama wanavyoamini wengi leo, kwamba mashine itaondoa makosa ya makarani. Haikuwa hivyo. Wataalamu wengi walikuwa wageni, na wenyeji waliokwisha kufundishwa walikuwa wachache. Hesabu hazikwenda kama ilivyotarajiwa, na fedha nyingi za kigeni zikateketea. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa idhini maalumu.

Vijana wakisikia habari hiyo hucheka. Wasicheke upesi. Nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni zilikuwa haba, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla, na mashine iliyokula fedha bila kutoa majibu sahihi ilikuwa ni mzigo. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Hata hivyo, nikiutazama kwa macho ya mtu wa kazi hii, naona kwamba mashine iliadhibiwa kwa kosa lisilokuwa lake. Kilichokosekana ni watu wa kwetu wa kuitunza na kuielewa. Adhabu ile ikatufanya tukose pia nafasi ya kuwalea watu hao.

Miaka ya 1980 masharti yakaanza kulegea, na miaka ya 1990, pamoja na mageuzi ya uchumi, kompyuta ndogo za mezani zikamiminika maofisini. Sisi tuliosoma sekondari wakati huo hatukuiona kompyuta shuleni. Kifaa cha kisasa kuliko vyote kilikuwa taipureta ya ofisi ya mkuu wa shule, nasi hatukuruhusiwa kuigusa. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojifunza, tukipanga foleni kwa saa moja ili tupate dakika thelathini za kukaa mbele ya mashine.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2003 nchi ikapata sera yake ya kwanza ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi, baada ya miaka mingi ya kutegemea setilaiti zenye gharama kubwa na mwendo wa kobe. Mwaka 2012 ukaanzishwa Wakala wa Serikali Mtandao, ambao kwa sheria ya mwaka 2019 ukawa Mamlaka. Nchi iliyofunga mlango mwaka 1974 sasa inakusanya kodi, inalipa mishahara na kutangaza matokeo ya mitihani kwa kompyuta. Mlango umefunguliwa wazi. Swali la mwaka 1965 lakini bado liko pale pale: nani anazitunza?

SIKU YA MTUNZA MITAMBO

Hufika ofisini saa moja na nusu asubuhi, kabla ya wenzangu. Jambo la kwanza ni kutazama kama nakala za akiba za usiku, au bakapu kama tusemavyo, zimekamilika. La pili ni kusoma kumbukumbu za mfumo: nani aliingia, nani alijaribu akashindwa, diski ipi inakaribia kujaa. La tatu ni chumba chenyewe. Hugusa ukuta, husikiliza kiyoyozi, hutazama betri, kisha humwuliza mlinzi kama jenereta ina dizeli. Vitabu vya ng'ambo haviyatilii mkazo mambo haya, lakini mtunza mitambo wa kwetu asiyejua kiwango cha dizeli hajui kazi yake.

Saa mbili simu huanza. "Mtandao umekata!" Mara nyingi mfagizi amechomoa waya. Jumatatu baada ya sikukuu ni siku ya nywila zilizosahauliwa. Yupo mkubwa mmoja aliyebandika nywila yake chini ya kibodi, na alipoelezwa hatari yake akaihamishia kwenye kalenda ya ukutani. Yupo pia anayetaka afunguliwe barua za msaidizi wake "kwa dharura". Huyo lazima aambiwe hapana, kwa adabu lakini bila kuyumba, na aelekezwe alete maandishi kwa utaratibu uliowekwa. Nimesema hapana ya namna hiyo mara kadhaa. Haikunipandisha cheo, lakini nimelala usingizi.

Mwisho wa mwezi, wakati wa mishahara, sisi hatuombi ruhusa. Mabadiliko hatuyafanyi Ijumaa, kwa kuwa kosa la Ijumaa hula Jumamosi na Jumapili. Mke wangu anajua kwamba simu ikilia saa nane usiku si msiba bali ni seva, ingawa uso wangu hufanana katika hali zote mbili.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na mtandao wa intaneti katika nchi yetu na za jirani ukazorota vibaya. Simu yangu haikupoa siku tatu. Wapigaji wote walitaka kujua nitaurudisha lini mtandao, kana kwamba mimi ndiye mpiga mbizi. Lakini mifumo tuliyokuwa tumeiweka humu humu nchini iliendelea na kazi, na watu wakapata huduma. Hayo hakuna aliyepiga simu kuyasema.

VISA VITATU VYA KUFUNDISHA

Kisa cha kwanza ni cha mwaka 1986. Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota, alipelekwa kusaidia idara ya kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California. Akapewa kazi ndogo: hesabu za matumizi ya kompyuta zilitofautiana kwa senti 75. Mwingine angezifidia kutoka mfukoni mwake, mambo yakaisha. Stoll alizifuata senti zile kwa miezi mingi, akagundua kwamba mtu aliyekuwa Hannover, Ujerumani Magharibi, alikuwa akiingia katika kompyuta za kijeshi za Marekani na kuuza habari kwa majasusi wa Kisovieti. Yote hayo yalifichuliwa na senti 75. Makarani wa zamani waliokesha wakitafuta shilingi moja iliyopotea katika leja walikuwa na haki.

Kisa cha pili ni cha tarehe 2 Novemba 1988. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, alitoa programu iliyojisambaza yenyewe katika intaneti ya siku hizo, na inakadiriwa kwamba kompyuta 6,000 kati ya 60,000 ziliathirika. Iliingia kupitia matundu ambayo baadhi yake yalikuwa yakijulikana, na kupitia nywila rahisi za kubahatisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kisa cha tatu ni cha kwetu, ingawa sitaitaja ofisi. Wakati wa mgao wa umeme mwaka 2011 nilitumwa kwenda kusaidia mahali ambapo diski za seva zilikuwa zimekufa baada ya umeme kukatika na kurudi mara nyingi. Nilipofika nilionyeshwa kabati lenye tepu za akiba zilizopangwa vizuri, kila moja na tarehe yake. Tulizijaribu moja baada ya nyingine. Zilikuwa tupu. Kifaa cha kuandikia kilikuwa kibovu kwa miezi mingi, na kila usiku kilijifanya kinaandika. Hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha hata faili moja.

Waliotuokoa ni masijala. Karani mmoja aliyekaribia kustaafu alikuwa amekataa kuchoma majalada ya karatasi, ingawa aliambiwa kwamba zama za karatasi zimepita. Tukakaa wiki sita tukichapa upya majina, tarehe za kuajiriwa na viwango vya mishahara. Katika wiki hizo sita, wazee waliokuwa wakisubiri mafao yao walikaa kwenye benchi la nje, baadhi wakiwa wametoka wilayani kwa basi. Nilipita mbele yao kila asubuhi. Kompyuta kwao haikuwa na maana yoyote. Walichokuwa wakikidai ni ushahidi kwamba walifanya kazi miaka thelathini. Tangu hapo sihesabu tepu. Nahesabu tepu zilizojaribiwa.

MAONI YANGU

Kwanza, utunzaji si jambo la pembeni. Sherehe za kuzindua mfumo mpya huwa na mgeni rasmi na utepe. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa sababu mfumo umetimiza miaka kumi bila kupoteza kumbukumbu hata moja. Bajeti nazo zinafuata utepe. Tunanunua, kisha tunasahau kwamba kilichonunuliwa kina kula na kunywa.

Pili, bidii yetu huwa inageuzwa kuwa ushahidi dhidi yetu. Kabla ya mwaka 2000 wataalamu dunia nzima walisahihisha programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ulipofika Januari 2000 na madhara yakawa machache, watu wakasema kwamba hofu ilikuwa ya uongo. La hasha! Madhara yalikuwa machache kwa sababu kazi ilifanyika. Na mtihani mwingine unakuja. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na nafasi ya hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Itakuwa Jumanne. Mimi nitakuwa nimekwisha kustaafu. Ninyi mlio kidato cha pili leo ndio mtakaokuwa kazini.

Tatu, nasikia ikisemwa kwamba sasa kila kitu kinahamia "winguni", yaani katika kompyuta za makampuni makubwa ya mbali, na kwa hiyo watunzaji hawahitajiki tena. Mawingu hayo yana vyumba, vyumba vina kompyuta, na kompyuta zina watunzaji. Kilichobadilika ni kwamba watunzaji hao hawapo hapa na hawatujui. Sikatai kutumia huduma hizo zinapofaa. Ninachokataa ni kuzitumia pasipo kubaki na watu wetu wanaoelewa kinachoendelea. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kosa la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikasimama na hospitali zikahangaika. Tiba yake ilikuwa nini? Mara nyingi ilikuwa ni mtu aende kwa miguu mpaka kwenye mashine, aketi, na kuirekebisha kwa mkono. Penye mtu wa namna hiyo kazi ilirejea upesi. Pasipo na mtu, walisubiri.

Hili ndilo fundisho la mwaka 1974 kwa maoni yangu. Nchi inaweza kukosea kwa kuikataa mashine, na inaweza kukosea vilevile kwa kuipokea bila kulea watu wake. Kosa la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani mpaka siku umeme unapokatika.

KWA WADOGO ZETU

Mkitaka kuifuata kazi hii, someni hisabati na Kiingereza, lakini msikidharau Kiswahili, maana nusu ya kazi ni kueleza jambo gumu kwa mtu mwenye haraka. Zoeeni kuandika mnachokifanya na saa mliyokifanya. Jifunzeni kutunza siri: mtu asiyeweza kunyamaza kuhusu barua ya mwenzake bwenini hatakiwi kupewa nywila ya "root". Wala msitegemee sifa. Tangu mwaka 2000 ipo siku ya kimataifa ya kuwashukuru watu wa kazi yetu, Ijumaa ya mwisho ya Julai. Kwa miaka yote hiyo nimeletewa soda mara moja.

Nanyi wenzangu mlio wakubwa maofisini, nina ombi moja. Jumatatu mkirudi kazini, mwiteni mtunza mitambo wenu, mwulizeni ni lini mara ya mwisho alijaribu kurudisha faili kutoka katika nakala za akiba. Akikutajieni tarehe, mpeni mkono. Akisita, msimkaripie. Mwulizeni anahitaji nini, kisha mpeni.